Gato ya chokoleti ya Pasaka: utamu uko, pambo je?
Tunawasifu bamama benye kupika gato ya Pasaka juu ya makala: sufuria kubwa, mchanga chini, moto kidogo juu ya kifuniko. Inaiva vizuri, ndani laini kabisa. Lakini pambo linatusumbua. Huyu sungura wa sukari mwenye kuleta mayai ni wa Ujerumani, aliandikwa huko tangu 1682. Sungura wa hadisi zetu ni mjanja na mwizi, haletee mtu yai! Na kakao? Inalimwa Beni na Mambasa, watu wameuawa mu mashamba hayo, magunia yanaenda ngambo. Sisi tunanunua poda ya mkebe. Tulitafuta gato moja yenye tunda la kakao lililochorwa kwa krimu. Hatukuiona.