Mlima Mrefu, Kioo Kidogo

Tukikutana waandishi vijana, wimbo ni uleule: hatuna vifaa, hatuna nafasi, mhariri katupa kurasa mbili tu, sasa mtu utasema nini katika kurasa mbili? Nami nilikuwa mwimbaji hodari. Leo naomba tujadili gemu moja la kompyuta. Msicheke. Gemu nalo hutungwa, na kinachotungwa kinastahili mhakiki.

Gemu lenyewe ni Celeste, lile la kwanza, la mwaka 2015. Maddy Thorson na Noel Berry walilitengeneza kwa siku nne, katika yale mashindano ambayo watu hupewa muda mfupi kisha huambiwa: haya, tuone. Walitumia PICO-8, programu inayokubana makusudi: kioo cha pikseli 128 kwa 128, rangi 16, basi. Hata simu ya bei poa inakizidi kioo hicho mbali.

Msichana anapanda mlima. Umbo lake ni pikseli nane kwa nane: uso wa kueleweka hana, jina hana, neno hasemi. Ana nywele nyekundu. Anaweza kuruka, na akiwa hewani anaweza kujirusha mara moja. Akishajirusha, nywele zinageuka bluu. Akikanyaga chini, wekundu unarudi. Hakuna anayekueleza hayo. Unaanguka, unakufa, unarudia chumba kilekile, mpaka jicho linajifunza lenyewe: bluu maana yake ameishiwa. Nikajikuta nimebana pumzi kwa ajili ya nywele za mtu asiye na hata jina. Hebu niambie, ni riwaya ngapi za kurasa mia tatu zimekufanya hivyo?

Kasoro linazo. Kileleni unakuta bendera, pamoja na hesabu ya muda wako, vifo vyako na matunda uliyookota. Sasa nilipanda kwa nini? Jibu halimo. Lilikuja mwaka 2018 katika Celeste kubwa, ambamo msichana kapewa jina, Madeline, na hofu yake kapewa umbo linalomfukuza. Lakini angalia: zile nywele ziliendelea na kazi yao ileile.

Tangu miaka ya 1970 washairi wetu wanagombana, hawa wakisema bila mizani hakuna shairi, wale wakisema mizani ni pingu. Mimi nasema sharti peke yake halitungi kitu. Magemu mengi ya mashindano ni madogo na matupu vilevile. Sharti linakuuliza tu: kipi huwezi kukiacha?

Swali hilo lilinikuta pabaya. Kuna shindano liitwalo LOWREZJAM, ambalo gemu lote lazima liingie katika pikseli 64 kwa 64. Bila hata kujiandikisha, nikajifungia chumbani na sharti hilo, nitengeneze gemu la konda wa daladala. Nilitaka konda aongee. Kumbe herufi moja na nafasi yake inakula pikseli sita, kwa hiyo mstari unabeba herufi kumi. "Tutakapofika" haikuingia! Kiswahili chetu kina maneno marefu, bwana. Nikafuta hotuba zake moja baada ya nyingine, nikabaki na "Shusha!" Ndipo nikaona kwamba nyuma ya zile hotuba hapakuwa na mtu. Konda wangu hakutaka kitu, hakuogopa kitu. Kompyuta yangu kuukuu haikuwa na kosa lolote. Gemu sikulimaliza.

Sasa nimerudi kwenye hadithi yangu ambayo gazeti fulani liliikataa kwa urefu, na mimi nikawatukana wahariri mtaa mzima. Natafuta ndani yake zile nywele: kitu kimoja kinachobadilika, msomaji akajua kwamba mhusika ameishiwa, bila mimi kumwambia. Nimefika ukurasa wa kumi na moja, sijakiona. Nawe mwenzangu, toa yako kabatini uitazame.