Majina Yanayohesabu Atomu

Rafu ya mfamasia wa Paris mnamo mwaka 1780 ilisomeka kama orodha ya vyakula. Palikuwa na siagi ya antimoni, ini la salfa, mafuta ya vitrioli, maua ya zinki na sukari ya risasi. Hiyo sukari ilikuwa tamu kweli, na hatari yake ilikuwa hapo hapo: watu waliitia kwenye divai iliyoanza kuchacha ili wairudishie ladha, kisha risasi ikawaharibu matumbo na mishipa ya fahamu. Mafuta ya vitrioli hayakuwa mafuta hata kidogo, bali ni asidi ya salfa, ile ile iliyomo ndani ya betri za magari. Kila jina lilikuwa na kisa chake, na hakuna hata moja lililotaja kilichomo. Mwanafunzi hakuwa na njia ila kuyakariri yote.

Aliyechoka mapema na vurugu hiyo alikuwa mwanasheria wa mji wa Dijon, Louis-Bernard Guyton de Morveau, mtu aliyeipenda kemia kuliko mahakama. Mwaka 1782 alichapisha pendekezo la kuyapanga majina upya. Miaka mitano baadaye, mwaka 1787, yeye na wenzake watatu, Antoine Lavoisier, Claude Berthollet na Antoine Fourcroy, walitoa kitabu kizima chenye utaratibu huo. Sharti lao kuu lilikuwa moja: jina la dutu litaje viambato vyake. Lavoisier alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, pamoja na wenzake katika kampuni ya kukusanya kodi. Utaratibu wa majina haukufa naye. Kila anayetamka “oksaidi” leo anatumia mali iliyotoka kwenye kitabu kile.

Utaratibu huo umeongezwa na kurekebishwa tangu hapo, na katika kampaundi ndogo za elementi mbili zisizo metali umefikia usafi wa kupendeza. Sheria zake zinaenea kwenye kiganja. Kwa kawaida elementi yenye mvuto mdogo kwa elektroni hutangulia, ya pili hufuata ikiwa na kimalizio cha “aidi”, na idadi ya atomu hutajwa kwa viambishi: mono, di, tri, tetra, penta, heksa na kuendelea hadi deka. “Mono” haiwekwi kwenye elementi ya kwanza. Irabu zikigongana, moja hudondoshwa ili ulimi usijikwae, ndiyo maana ni monoksaidi na si monooksaidi. Basi. Mtu aliyezishika sheria hizi akisikia “salfa heksafloraidi”, gesi inayotumika kuhami umeme kwenye swichi kubwa za gridi, anaweza kuandika SF₆ bila kuwahi kuiona wala kuisoma popote.

Uzuri wa ufundi huu hauonekani vizuri kwenye mfano mmoja mmoja. Unaonekana kwenye ukoo, na hakuna ukoo wa kuufundishia kama ule wa naitrojeni na oksijeni, gesi mbili ambazo kwa pamoja ni takriban asilimia 99 ya hewa kavu.

N₂O ni dinaitrojeni monoksaidi, gesi ya kuchekesha. Humphry Davy, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, aliivuta mwenyewe mjini Bristol mwaka 1799, na mwaka uliofuata akadokeza kitabuni kwamba huenda ikafaa kwenye upasuaji kwa kuwa inaondoa maumivu. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya daktari wa meno kulifanyia kazi wazo hilo. Ukiondoa naitrojeni moja unapata NO, naitrojeni monoksaidi, ambayo mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe ili kulegeza mishipa ya damu. Ugunduzi huo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Ukiongeza oksijeni moja unapata NO₂, naitrojeni dioksaidi, gesi ya rangi ya kahawia inayotokana na moshi wa magari na kukereketa mapafu. Yupo pia N₂O₅, dinaitrojeni pentoksaidi, fuwele nyeupe ambazo zikikutana na maji hugeuka asidi ya naitriki.

Halafu yupo N₂O₄, dinaitrojeni tetroksaidi, anayesaidia kuchoma fueli ya roketi. Mwezi Julai mwaka 1975, chombo cha Apollo kilipokuwa kikirudi duniani baada ya kuungana angani na Soyuz ya Wasovieti, gesi za tetroksaidi hii ziliingia ndani ya kibanda cha wanaanga. Vance Brand alizimia. Yeye, Thomas Stafford na Deke Slayton waliishia hospitalini Honolulu. Elementi zilikuwa zile zile mbili za hewa ambayo watu hao waliivuta maisha yao yote. Kilichobadilika ni idadi na namna zilivyoshikana.

Kwa nini hesabu hiyo itajwe hapa wakati kwenye chumvi ya mezani haitajwi? Kwenye chumvi, sodiamu hutoa elektroni moja na klorini huichukua. Mmoja kwa mmoja, biashara imekwisha, na jina sodiamu kloraidi halihitaji kiambishi. Elementi zisizo metali hazinyang’anyani namna hiyo. Hushirikiana, na ushirika una njia nyingi, kwa hiyo jina lisipotaja idadi halijasema kitu.

Aliyeueleza ushirika huo kwa namna ambayo kila mwenye penseli anaweza kuufuata ni Gilbert Lewis, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1916 alichapisha makala akisema kwamba kinachozishikanisha atomu mbili ni jozi ya elektroni inayomilikiwa na zote mbili. Jozi hiyo ni kama ukuta mmoja wa nyumba mbili za mawe zilizopakana kule Lamu: kila mwenye nyumba huuhesabu kuwa wake. Oksijeni ina elektroni sita kwenye ganda la nje na hutulia ikiwa na nane. Haidrojeni ina moja na hutulia ikiwa na mbili. Chora herufi O, izungushie nukta sita, ilete haidrojeni upande huu na nyingine upande ule, kila moja na nukta yake. Hesabu. Kila mmoja ametosheka, na karatasini pana molekuli ya maji. Neno “kovalenti”, linaloutaja ushirika huo, lilitolewa na Irving Langmuir mwaka 1919, naye alikuja kupata Nobel mwaka 1932 kwa kazi nyingine. Lewis alipendekezwa kwa tuzo hiyo zaidi ya mara 40 na hakupewa hadi alipofariki mwaka 1946. Wanakemia wengi wanaiona hiyo kuwa dhuluma, na ni vigumu kuwapinga.

Nukta za Lewis na viambishi vya idadi havikubuniwa kwa pamoja, lakini vinafanya kazi kama vimezaliwa tumbo moja. Chukua NO₂. Jumla ya elektroni zake za nje ni 17, idadi isiyogawanyika kwa jozi, kwa hiyo lazima moja ibaki mpweke. Molekuli mbili za namna hiyo zikikutana, elektroni zile pweke hufanya jozi, na N₂O₄ imezaliwa. Jina linasema ni ngapi. Nukta zinasema kwa nini. Kusema kweli, jina lina mipaka yake pia. “Dinaitrojeni monoksaidi” haikuambii kwamba oksijeni imekaa pembeni na naitrojeni ndiyo iliyo katikati. Kwa hilo inabidi kurudi kwenye penseli.

Utaratibu huu wa majina haukuyaburuza majina yote ya zamani kwa nguvu. Maji yamebaki maji, na NH₃ imebaki amonia. Anayelazimisha “dihaidrojeni monoksaidi” kwa ajili ya maji hujikuta kwenye utani, na utani huo una madhara yake: mwaka 2004 mji wa Aliso Viejo, California, nusura ujadili katazo la vikombe vya povu kwa sababu mtumishi wake alisoma mtandaoni kwamba dihaidrojeni monoksaidi hutumika katika kuvitengeneza na kwamba ni hatari. Jina lilikuwa limeeleza kila kitu. Hakuna aliyelisoma.

Kwenye nchi za Maziwa Makuu elimu hii si ya kujibia mtihani tu. Kandokando ya Goma, wazungumzaji wa Kiswahili wanayajua mazuku: mabonde na mashimo ambamo gesi inayotoka ardhini hujikusanya na kuua mbuzi, mbwa na wakati mwingine watoto. Gesi hiyo ni kaboni dioksaidi, nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, kwa hiyo hutuama chini kabisa, mahali alipo mtoto na pasipofika pua ya mtu mzima aliyesimama. Vilindi vya Ziwa Kivu, jirani hapo, vimeyeyusha gesi hiyo takriban kilomita za ujazo 300, pamoja na takriban 60 za methani. Ziwa Nyos la Kameruni lilipotapika kaboni dioksaidi tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa usiku mmoja. Methani nayo, kaboni moja iliyoshikana na haidrojeni nne, ndiyo inayovutwa upande wa Rwanda na mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016 ukiwa na uwezo wa megawati 26. Methani hiyo hiyo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songosongo inayofua umeme Dar es Salaam.

Kaboni ile ile, ikishikana na oksijeni moja badala ya mbili, hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa lililoachwa ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala hahisi kitu.

Mwalimu wa kemia ajaye darasani kufundisha viambishi angefanya vyema kuiacha orodha ya mono hadi deka kwa muda. Aandike ubaoni CO na CO₂, awape wanafunzi penseli wazichore nukta wenyewe, kisha awaeleze ni ipi inayokaa kwenye mazuku na ni ipi inayotoka kwenye mkaa. Na jioni wakirudi nyumbani, jiko litolewe nje kabla mtu hajafunga dirisha.