Hatima ya Mababu: Uhakiki wa Jibu Lililozoeleka katika Ufundishaji wa Dini Singida

Mwanafunzi wa Kinyaturu anapouliza hatima ya babu yake aliyefariki kabla Injili haijafika Singida, jibu lililozoeleka ni Yohana 14:6. Jibu hilo, ingawa ni la Maandiko, halitoshi. Linaiacha hotuba ya Paulo kule Athene (Matendo 17), iliyoanzia kwenye madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Wanyaturu walikuwa na jina kabisa: Muumba walimwita Matunda, neno ambalo kwa Kiswahili humpeleka msikilizaji sokoni. Linaiacha pia Warumi 2:14-16, inayozungumzia dhamiri za wasio na torati. Kifungu hicho hakisemi kwamba babu ameokoka, wala mwalimu asikilazimishe kusema hivyo. Kinamnyima tu mwalimu kiti cha hakimu.