Hongera kwa Marubani

Sisi wa Kayanga tukisafiri kwa ndege tunashuka Bukoba, tunafunga mkanda na kumwachia rubani roho zetu. Hongera kwa marubani! Mfano ni wa Februari 28, 2018: Tallinn, Estonia, Airbus A320 yenye watu 7 ilikuwa katika mafunzo ya kutua na kuruka. Katika matengenezo ya awali, kifaa cha bawa dogo la mkiani kilitiwa mafuta yasiyofaa. Kompyuta zikaacha kupeleka amri ya rubani mkiani. Ndege ikapaa, ikaanguka kwenye njia ya kurukia, injini zikagonga lami, ikapaa tena. Marubani wakashika gurudumu la mkono la kurekebisha bawa hilo la mkiani, wakaiongoza pua kwa gurudumu hilo na kwa nguvu ya injini. Injini zikazimika zote, wakatua mita 150 kabla ya njia ya kutulia. Wote 7 wakatoka hai. Huo ndio urubani ninaouheshimu!