Mwenyeji wa Kwihara

Ndugu msomaji, hoteli za leo hupimwa kwa nyota. Hebu tuipime nyumba ya tembe iliyoko Kwihara, karibu na Tabora, ambayo sasa ni makumbusho. Ina kuta nene za udongo zizuiazo joto, ua wa ndani wenye sitara, na milango ya nakshi kama ya kwetu pwani. Stanley alifikia hapo mwaka 1871, na Waarabu wa Tabora wakamletea masinia ya wali na kuku. Livingstone alikaa hapo tangu Februari hadi Agosti 1872. Kwa starehe, haikupungua kitu.

Lakini jina lililobakia ni la mgeni; mwenyeji kasahauliwa, na Wanyamwezi waliobeba mizigo pia. Wala tusijisifu. Njia ile ile ilipitisha pembe na watumwa. Ni ukarimu gani kumjazia sinia mmoja ndani, na mwenziwe apita nje na minyororo shingoni?

Basi nawe, kabla hujamtandikia mgeni wako, tazama jikoni: mtumishi wako amekula? Ujira wake umempa?

Wabillahi tawfiq.