Upande Usiong'aa

Picha uliyokabidhiwa studio ilikuwa imeshakatwa. Fundi aliondoa kingo: ncha ya pazia, mguu wa kigoda, mkono wa shangazi uliomshika mtoto asianguke. Vyote hivyo vimo bado kwenye negativu. Ndiyo maana sikubali kwamba anayezihamishia negativu kwenye kompyuta nyumbani kwake ananakili tu. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kuiona picha ikiwa nzima.

Vifaa havimalizi mfuko. Kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi, hata ya mtumba. Lenzi kuukuu ya milimita 50 na pete za kuisogeza mbele ili ione karibu. Taa bapa ya LED. Kadibodi nyeusi iliyotobolewa. Fremu ya mkanda wa kawaida ni milimita 24 kwa 36 tu, na megapikseli 24 zinaitosha hadi kuchapa picha ya kutundika sebuleni. Wapo wanaotumia skrini ya simu badala ya taa. Sawa, ila usiulaze mkanda juu ya kioo chake, maana kamera itanasa vidoti vya skrini pamoja na uso wa babu. Uinue sentimita chache, katikati weka plastiki nyeupe.

Usichotoa kwa fedha utakitoa kwa subira. Kamera na mkanda vilale sambamba, na hapo pima maji ya fundi mwashi inafaa kuliko vifaa vingi vya bei. Zima taa nyingine. Vumbi litoe kwa mpira wa kupulizia. Mdomo una mate. Upande unaong'aa uelekee taa, na ule uliofifia, wenye utando wa picha, uitazame kamera. Picha itatoka kushoto kukiwa kulia. Utaigeuza baadaye, na bango la duka nyuma ya watu litakuambia kama umepatia.

Upande huo uliofifia ndio ninaoupenda. Chukua negativu kubwa ya studio, iinamishe kidogo mwangani, na huenda ukaona alama za penseli shavuni mwa bibi harusi. Mafundi wa zamani walilainisha nyuso hivyo, nukta kwa nukta, juu ya negativu yenyewe, kabla ya kusafisha picha. Toka Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, hadi Omar Said Bakor na picha zake za kuunganisha kule Lamu, pwani hii imekuwa na mabingwa wa chumba cha giza. Sisi tulisifu sura zetu tu.

Negativu nyeusi na nyeupe hugeuzwa kuwa picha kwa urahisi. Ya rangi ina utando wa chungwa, na ukiigeuza hivi hivi watu wanatoka buluu. Programu ya bure ya darktable ina sehemu iitwayo negadoctor kwa kazi hiyo. Mashine ya dukani hukuchagulia rangi. Nyumbani unachagua mwenyewe. Mimi huanza na kanzu au chokaa ya ukuta: ikishakuwa nyeupe, nyuso zimekaribia. Slaidi hazihitaji kugeuzwa rangi, na zile za Kodachrome, filamu iliyoacha kutengenezwa mwaka 2009, zikitunzwa gizani hukataa kupauka.

Joto na unyevu wetu havina huruma. Boksi likinuka siki, plastiki ya filamu imeanza kuoza, na hizo ndizo za kutangulizwa. Ukimaliza usizitupe; zirudishe kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu. Mafaili yakae sehemu mbili, yakiwa na majina ya watu, mahali na mwaka, si namba tupu za kamera. Majina yaulize mapema kwa wazee. Katika kundi la WhatsApp la familia yetu nilituma picha ya binti mmoja mwenye buibui, kando ya baiskeli. Wajomba wawili wanasema ni Bi Mkubwa, mama anaapa ni dada yake, na ubishi umeshahamia kwenye baiskeli ilikuwa ya nani.