Kumsaidia Mama au Kumharakisha?

Hakuna mtu wa Beni wala Butembo awezaye kudharau hospitali. Mtoto akikaa vibaya tumboni, au mama akimwaga damu, mkono wa daktari huokoa watu wawili pamoja. Tunalolaumu ni hili: msaada wa siku ya hatari kufanywa desturi ya kila siku.

Katika nyumba nyingi za uzazi, mama afikapo hulazwa chali, hukatazwa kutembea, na dada yake hubaki nje. Uchungu ukikawia kidogo, hutundikiwa maji yenye dawa ya kuuongeza. Nayo dawa hiyo ikizidi, mtoto hukosa pumzi. Akiwa anazaa mara ya kwanza, hukatwa kwa mkasi hata kabla ya kuonekana kama njia haitoshi. Ukiuliza sababu, wajibiwa, “Ndivyo tufanyavyo.” Hiyo si sababu, ni mazoea.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliandika wazi: kumkata kila mama kwa mazoea hakufai, dawa ya uchungu isitiwe kwa kuharakisha tu, mama atembee, achague namna ya kukaa, na awe na mtu wake kando.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewakimbiza watu wengi wa Beni kutoka vijiji vyao. Mama aliyepasuliwa bila haja huchukua mimba nyingine akiwa na kovu katika tumbo la uzazi. Uchungu ukimshika njiani, kovu laweza kuachana, wala daktari hayupo. Je, aliyempasua alifikiri siku hiyo?

Hatusemi kwamba mama ateseke. Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pio XII alikubali njia za kupunguza uchungu wa kuzaa, akieleza kwamba Maandiko hayazikatazi. Nazo zilikuwa njia za kumfundisha mama mapema, kumwondolea hofu na kumwonyesha namna ya kupumua. Mambo hayo hayadai mkasi.

Twajua taabu ya wakunga: usiku mmoja, mikono miwili, akina mama wengi. Lakini haraka haraka haina baraka. Nanyi akina baba, msingoje mlangoni tu. Ulizeni kwa heshima, “Kuna hatari gani?” Mkionyeshwa hatari, kubalini mara moja. Ikiwa haipo, ombeni mama apewe muda.